Mtoto ana miezi minne, mtaji laki tatu na nusu: kazi gani naweza kuifanyia nyumbani?

MamaNuru_Chanika
Habari za jioni wana jukwaa. Naombeni mawazo yenu, na tafadhali mnisome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Nina mtoto wa kwanza, wa kike, ametimiza miezi minne. Kabla ya kujifungua nilikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya nyumbani mjini, nimekaa pale miaka miwili na ushee. Mkataba wa maandishi sikupewa, mshahara uliingia kwenye simu kila mwisho wa mwezi, 180,000. Ukitoa nauli na chakula cha mchana nilikuwa nabakiwa na kama laki moja hivi. Wiki iliyopita nimepiga kuuliza nirudi lini, nikaambiwa nafasi yangu ameshawekwa mtu.

Baba mtoto anaendesha bajaji ya mtu, kila siku anapeleka hesabu. Kinachobaki kinatosha chakula na kodi kwa kubanabana. Tumepanga Chanika vyumba viwili, nyumba ina wapangaji watatu, uwani tunatumia wote na mita ya umeme, LUKU, ni moja, tunachangia.

Akiba yangu ni 350,000. Nilisoma ushonaji kozi fupi chuo cha ufundi VETA kabla sijaolewa, nguo za kawaida nakata na kushona, ila cherehani sina. Kupika naweza. Mama mkwe alikuja akanilea arobaini nzima, amesharudi Tanga. Dada wa kazi siwezi kumlipa. Mtoto ananyonya tu, hajaanza kitu kingine.

Nimeshaambiwa nifuge kuku, nitengeneze sabuni, niuze juisi, nifanye kazi za mtandaoni. Nataka kusikia kwa waliofanya wakiwa na kichanga mgongoni. Natanguliza shukrani.

Mamalishe_Buza
Hongera kwa uzazi, mdogo wangu. Mungu akukuzie.

Mimi nimelea wanne nikiwa jikoni, kwa hiyo nakwambia ninachokijua. Watu watakutajia biashara zinazolipa. Wewe anza na swali jingine: kazi gani inakubali kuachwa katikati? Mtoto wa miezi minne akilia hawezi kungoja mafuta yaishe kuchemka. Kazi ambayo ukiiacha dakika ishirini inaharibika, hiyo kwa sasa si yako hata kama ina faida nono.

Chukua vitumbua. Vinauzika asubuhi tu. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa na nazi, hamira inaumuka, halafu saa kumi alfajiri uko kwenye kikaango, kwa sababu saa kumi na mbili wateja wanapita kuwahi daladala. Na wewe saa nane usiku umeamka kunyonyesha, saa kumi tena. Utafanya wiki mbili, ya tatu unaugua. Maandazi nayo ni hivyo hivyo, nafuu kidogo.

Chapati zina saa nzuri zaidi. Unga unaukanda saa nane mchana mtoto akilala, unaufunika. Akiamka unga haudhuriki, tena unalainika. Unakata madonge, unakunja, unaacha. Kusukuma na kuchoma unafanya saa kumi na moja, na hapo tu ndipo unapohitaji mtu wa kumshika mtoto kwa saa moja na nusu. Watu wanarudi kazini, wanataka chapati mbili za kulia maharage.

Hesabu yake kwa bei za huku kwetu: kilo moja ya unga 2,000, mafuta 1,000, gesi au mkaa 500, chumvi na vifungashio 200. Jumla 3,700. Zinatoka chapati kumi nzuri, sio za kuona mwanga upande wa pili. Ukiuza 500 umepata 5,000, umebakiwa na 1,300. Kilo tatu kwa siku ni chapati thelathini, zinakubakizia 3,900. Siku ishirini na sita za mwezi ni 101,400.

Umesema mjini ulikuwa unabakiwa na laki. Ni ileile, ila mtoto unaye mwenyewe. Kwa hiyo usitegemee utajiri, na usikate tamaa pia.

Kipato_Mtandaoni
Dada chapati za nini karne hii? Kuna fursa ya kufanya kazi kwa simu, saa mbili kwa siku, unalipwa kila Ijumaa. Kiingilio ni 50,000 tu, ukileta watu watatu inarudi. Njoo inbox.

BabaMapacha
MamaNuru usiende huko inbox. Kazi inayokutaka ulipe ndipo uajiriwe si kazi, na inayokulipa kwa kuleta watu inalipwa na hao watu uliowaleta. Wazazi wapya wanalengwa sana kwa sababu wako nyumbani, wana simu mkononi usiku wa manane na wana shida ya kweli. Hiyo 50,000 ni sehemu ya saba ya mtaji wako wote.

Kazi za kweli mtandaoni zipo. Nina mdogo wangu anatafsiri na kunakili sauti kuwa maandishi. Lakini anahitaji kompyuta, intaneti isiyokatika, Kiingereza kilichonyooka, na zaidi ya hapo ukimya. Sauti ya saa moja inaweza kumchukua mtu saa nne kuandika, na mtoto akilia hapo pembeni hausikii kilichosemwa. Kwa anayejua tayari ni kazi nzuri. Kwa anayeanza kujifunza leo huku anataka hela ya chakula wiki ijayo, mh.

Mtetezi_wa_Haki
Watu wote wamerukia biashara na kupita juu ya jambo zito alilosema mleta mada. Dada, ulifukuzwa kazi kwa sababu ya kuzaa. Usilipite hivihivi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito hakukubaliki kisheria. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukuondolei haki, kwa sababu kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na yeye ndiye anatakiwa kuthibitisha mlikubaliana nini kama hakuandika. Miamala ya mshahara iliyo kwenye simu yako ni ushahidi. Chapisha taarifa ya miamala ya miaka hiyo yote.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu wanaiita CMA. Unajaza fomu namba 1. Muda ndio wa kuangalia: lalamiko la kuachishwa kazi linapelekwa ndani ya siku 30 tangu uachishwe, mengine ya madai ndani ya siku 60. Umesema umepiga wiki iliyopita. Andika tarehe uliyoambiwa na aliyekwambia, nenda wiki hii. Ukichelewa inabidi kwanza uombe ruhusa ya kusikilizwa nje ya muda, na si lazima upewe.

MamaNuru_Chanika
@Mtetezi_wa_Haki nimesoma nikakaa kimya muda mrefu. Sikujua kabisa kuhusu siku 30. Kesho baba Nuru atanipeleka asubuhi kabla hajaanza kazi. Kurudi pale sitaki tena, ila haki yangu nitaifuatilia.

@Mamalishe asante kwa hesabu. Hakuna aliyewahi kunionyesha mpaka mwisho namna hiyo.

Neema_2mths
Nafuatilia hapa, wangu ana miezi miwili na niko hali hiyohiyo. Msiuache uzi huu ufe jamani.

Nesi_wa_Kata
Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto, kwa hiyo nasema ya upande wangu.

Moja, mpaka miezi sita maziwa ya mama peke yake yanatosha, hata maji hayahitajiki. Biashara isikufanye umwanzishie uji mapema ili akae muda mrefu bila kulia. Naona akina mama wengi wanafanya hivyo kwa kubanwa, mtoto anarudi kwetu anaharisha.

Mbili, jiko la mkaa lisiingie chumba anacholala mtoto, hata kama mvua inanyesha, hata kama mlango uko wazi kidogo. Hewa yake haina harufu wala haionekani, na inaua. Pikia uwani au barazani.

Tatu, kama ulijifungua kwa upasuaji, ndoo za lita ishirini na magunia acha kwa wenzio mpaka upone vizuri na uwe umeonwa kliniki.

La nne hamjaligusa. Sasa hivi Nuru ukimlaza anabaki hapohapo. Baada ya miezi mitatu au minne ijayo atakuwa anatambaa na kila anachokikuta anakitia mdomoni. Kazi mnayomchagulia leo mwangalieni na yule wa miezi minane, sio huyu wa leo tu.

Sabuni_Tegeta
Mimi natengeneza sabuni ya maji na ndiyo inanilisha. Mtaji wako unatosha. Salfoniki na slesi, yaani kemikali za povu na kusafisha, kostiki soda, chumvi, rangi na manukato vinapatikana Kariakoo kwa kupimiwa. Lita ishirini za kwanza unaweza kuzitoa kwa mtaji mdogo sana na unauza kwa chupa za lita moja na nusu.

Nesi_wa_Kata
@Sabuni_Tegeta sina ubaya na kazi yako, lakini hebu mwambie mleta mada unahifadhi wapi hizo dawa. Kostiki soda ikigusa koo la mtoto inaunguza mpaka ndani, na kovu lake hubana njia ya chakula. Wanaoletwa kwetu mara nyingi wamekunywa kutoka chupa ya soda au ya maji iliyowekwa chini ya meza.

Sabuni_Tegeta
Uko sahihi nesi na siwezi kubisha. Mimi nina stoo yenye kufuli, na navaa glavu na miwani. Soda naimimina ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe simimini maji juu ya soda, maana inachemka na kuruka. Kwa vyumba viwili na uwa wa wapangaji watatu wenye watoto wao, basi angoje mpaka apate mahali pa kufungia.

Mfugaji_Kibaha
Kuku nao nitawasemea ukweli maana kila mtu anawashauri watu wafuge. Broila wanatoka kwenye wiki tano, ndio maana wanavutia. Lakini vifaranga wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 mpaka 35 mchana na usiku. Mkaa ukizima saa nane usiku unawakuta wamerundikana kona na wa chini wamekufa. Chanjo hazingoji: kideri siku ya saba, gumboro siku ya kumi na nne, halafu unarudia zote mbili. Chakula kinakula zaidi ya nusu ya gharama zote. Na uwa ni wa wote, harufu ikianza mwenye nyumba atakuita. Ukihamia kwako, hata kuku kumi wa kienyeji ni kitu kizuri. Kwa sasa hapana.

Bi_Mkubwa_Unguja
Assalaam alaykum. Mwanangu, huku kwetu kazi ya ndani ya mzazi ni ya tangu na tangu. Wanawake wa Unguja wanashona kofia za mkono majumbani, za viua. Kitambaa kinachorwa, kisha kila kijitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano, maelfu, mpaka kofia ikamilike. Ukiinuka kumnyonyesha mtoto unaichomeka sindano yako kwenye kitambaa, ukirudi unaikuta hapo hapo. Ndiyo kazi inayongoja kweli kweli. Wapo wanunuzi wa kupeleka mpaka Omani.

Ila sikudanganyi, kofia moja nzuri yataka miezi, na fedha yake haiji ila imekwisha. Wanaoiweza ni wale walokuwa na cha kuwalisha katikati. Nakwambia kwa sababu wewe mkono wa sindano unao. Usiuache ukalala.

Fundi_Sare
Bi Mkubwa kanitangulia nilichotaka kusema. Hivi kweli mtu aliyesoma ushonaji tunamshauri kuku?

MamaNuru, mimi ni fundi Tabata, nilianza na cherehani ya miguu chini ya mwembe. Cherehani ya miguu haili umeme, kwa hiyo hamgombani na wapangaji. Usianze na gauni za harusi wala mishono ya Instagram. Anza na marekebisho: kubana, kukunja suruali, kubadilisha zipu, kushona kilichochanika, kupunguza sare aliyonunuliwa mtoto kubwa. Kila nyumba ina nguo tatu nne zinazongoja mtu wa kuzishika, na kazi ya zipu ni ya nusu saa, unaimaliza hata ukiikatisha mara tatu. Kitambaa ni cha mteja, unachotoa ni uzi na zipu. Hakuna kinachochacha, hakuna kinachobaki kikaoza.

Halafu kuna msimu. Shule zinafunguliwa Januari, na kuanzia Novemba watu wanaanza kutafuta sare. Ukijulikana mtaani kabla ya hapo, sketi na mashati ya shule ya msingi yatakujaza.

Cherehani mpya ya miguu itakula karibu mtaji wote. Tafuta iliyotumika, ila usiende peke yako, nenda na fundi.

Mamalishe_Buza
Fundi kasema vizuri, ila wateja wa zipu hawaji kila siku, na Nuru anakula kila siku kupitia kwa mama yake. Mzazi anayenyonyesha akipungukiwa chakula anaishiwa nguvu yeye mwenyewe. Mimi nasema chapati kwanza, cherehani baadaye.

Fundi_Sare
Mama yangu, na mimi nasema akila mtaji kwenye unga na mafuta, cherehani haitakuja. Unga ni hela inayozunguka lakini nyumbani inaliwa pia. Baba akirudi usiku na njaa, chapati nne zimeondoka, nazo ndiyo faida ya siku nzima.

BabaMapacha
Mnagombana bure, chapati mtaji wake ni mdogo. Kilo tatu za unga na vya kwake ni kama 11,000 kwa siku. Weka 40,000 pembeni kwa chapati na kikaango kizuri, kinachobaki kisiguswe.

Niongeze la akina baba, maana nimeona katika mipango yote hapa baba Nuru anatajwa kama dereva tu. Mamalishe kasema saa moja na nusu jioni anatakiwa mtu wa kumshika mtoto. Huyo mtu ni nani? Jioni ndiyo saa ya abiria, najua. Lakini kama saa ile bajaji inamwingizia 5,000 na chapati zinaingiza 3,900, na hizo 3,900 ndizo zitamtoa mama kwenye kuomba hela ya sabuni, mkae chini mzungumze. Mapacha wangu walipozaliwa mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya jioni. Sikupungukiwa kitu.

Kama haiwezekani, zungumza na mpangaji mwenzio. Msichana wa nyumba ya pili akitoka shule, umpe chapati mbili na mia tano yake ya daftari, amshike mtoto hapohapo uwani unamwona.

Achari_Mombasa
Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Mji wa Kale biashara ya mzazi ni mlangoni. Meza ndogo barazani, jioni viazi vya karai, bajia, mabuyu, achari ya maembe. Mimi nilipojifungua niliacha vya kukaanga, nikashika achari na mabuyu peke yake, kwa sababu havilali vikaharibika. Embe bichi unalikata, unalianika na chumvi siku akiwa amelala mtoto, kupika ni siku moja tu kwa wiki. Unafunga kwa vifuko vidogo. Leo ukiuza, kesho usipouza, hasara huna. Mwekee dada karibu na chapati zake, mtu akija kwa moja aondoke na mbili.

Umeme_Gongo
Kwa wanaotaka kushauri juisi na barafu: friza lina shida yake. Kama mita ya nyumba iko kwenye bei ya wateja wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kwa uniti, friza moja linaweza kula uniti thelathini mpaka arobaini na kitu kwa mwezi. Mkivuka 75 mnaweza kuhamishwa bei, na wapangaji wote wakalipa karibu mara tatu kwa kila uniti. Nimeona nyumba ikivunjika ushirika kwa sababu ya friza la mtu mmoja. Pata LUKU yako kwanza.

Lishe_Moro
Naona hakuna aliyetaja unga wa lishe, nataka kuutaja ili nimwambie asiufanye sasa. Wazazi wapya wengi wanaukimbilia, wanachanganya mahindi, karanga, soya na ulezi, wanafunga kwenye mfuko na picha ya mtoto. Karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri yanaota sumukuvu. Haiondoki kwa kupika, na mara nyingi huioni kwa macho. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Unga wa mtoto unataka upimwe. Anayeutaka kweli aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, atafundishwa usindikaji na kuelekezwa njia ya kupata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Usimuuzie mama mwenzio kitu cha kumlisha mtoto wake bila hilo.

MamaNuru_Chanika
Nimesoma yote, mengine nimemsomea baba Nuru kwa sauti. CMA tumeshafika, fomu nimejaza, nasubiri tarehe ya usuluhishi.

Amesema zamu ya saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na nusu ataishika siku nne kwa wiki, nyingine nitaongea na jirani. Maswali yangu yaliyobaki ni mawili. Majirani wakikopa nifanyeje, maana hapa tunaishi kwa kuaminiana? Na kuna jamaa ametutajia mkopo wa haraka wa simu ili tununue cherehani mara moja, mnasemaje?

Mamalishe_Buza
Kukopesha ndiko kunakofunga vibanda vingi kuliko moto na mvua. Usiseme "sikopeshi", watu watakuona una roho mbaya. Chapati zako zipike kwa oda. Asubuhi weka kwenye stetasi ya WhatsApp: leo chapati ziko thelathini, anayetaka aandike. Aliyelipa kwa simu jina lake liko kwenye orodha, na ukipika unapika za orodha na kumi za wapita njia. Mwenye kukopa anakuta zimekwisha, na wala hujamnyima. Wawili watatu unaowajua, wazee na wagonjwa, waandikie daftarini, mwisho chapati nne, na ukubali moyoni kwamba hizo zinaweza zisirudi.

Jambo jingine, hela ya chapati isilale kwenye laini ya matumizi. Kuwa na laini ya pili au lipa namba.

VICOBA_Temeke
Kuhusu mkopo wa simu, nasema kwa herufi kubwa: USICHUKUE. Mwezi wa kumi na moja 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni. Wanaingia kwenye majina ya simu yako, ukichelewa siku mbili wanampigia baba mkwe na mwalimu wako wa VETA. Na zile za mtaani za kurudisha kila siku, kausha damu, zinaitwa hivyo na waliokaushwa.

Njia zenye nafuu zipo. Halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo haiwezi kuwa ya kesho. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, uliza vikundi vilivyopo. Wakati huohuo ingia kikoba au upatu wa wanawake mnaojuana.

Na tunza daftari hata kama ni biashara ya mlangoni. Mauzo, sio faida, yasipozidi 4,000,000 kwa mwaka hudaiwi kodi ya mapato. Chapati thelathini za 500 siku ishirini na sita kwa miezi kumi na miwili ni 4,680,000, umevuka. Ukiwa huna kumbukumbu, mtu wa kati ya milioni nne na saba analipa 100,000. Ukiwa nazo ni asilimia tatu ya kilichozidi milioni nne, yaani 20,400. Daftari la elfu moja limekuokolea karibu elfu themanini.

Neema_2mths
Hii ya daftari naiandika ukutani. Asanteni, mmenisaidia na mimi niliyekuja kusoma tu.

MamaNuru_Chanika
Basi nimeamua hivi. Jumatatu naanza chapati za oda, kilo mbili kwanza. Sitagusa zaidi ya 40,000. Cherehani naanza kuitafuta taratibu, iliyotumika, nikiipata kabla ya Oktoba nitakuwa nimewahi msimu wa sare. Sabuni, kuku na juisi nimeviacha.

Fundi Sare, nesi amenitia hofu kuhusu mtoto anayetambaa. Sindano, pini, na lile gurudumu la chini, kidole cha mtoto kikiingia je?

Fundi_Sare
Hofu yako ni ya haki. Cherehani igeuze, gurudumu litazame ukutani na wewe ukae upande ulio wazi. Pini tumia zenye vichwa vya rangi, ziwe kwenye kopo lenye mfuniko wa kufunga kwa kuzungusha, na ukiinuka hesabu zilizobaki kwenye nguo. Mkasi uning'inie juu ya kimo chako. Na kila ukimaliza kushona, chomoa mkanda kwenye gurudumu la juu. Mkanda ukiwa umetoka, hata akikanyaga pedali mashine ya juu haizunguki na sindano haishuki.

Siku ya kwenda kununua, jaribu hivi kabla hujatoa hela. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono, liende laini bila kukwama. Shona kitambaa chepesi, kisha jinzi ya mikunjo minne, uangalie kama inaruka mishono. Geuza kitambaa, uzi wa chini usiwe umejikunja vifundo. Shika ule mti unaobeba sindano uutikise, ukicheza sana achana nayo. Kutu ya juu isikutishe, ya ndani ndiyo mbaya.

MamaNuru_Chanika
Asante sana kaka. Na mkanda wenyewe ukilegea kwa kuuchomoachomoa kila siku, nanunua mwingine mzima?

Fundi_Sare
Hapana. Mkanda ni wa ngozi, una kipini cha chuma kinachounganisha ncha mbili. Ukilegea chomoa kipini, kata kipande kidogo, kama nusu ya upana wa kidole, toboa tundu jipya kwa msumari mwembamba, rudisha kipini na ukikaze kwa koleo. Usikate zaidi ya hapo kwa mara moja, maana ukibana sana pedali inakuwa nzito na magoti yatauma. Ukipata mashine niandikie, Jumapili nina nafasi, nitakuja kuiangalia.